Uko Hewani, Punguza Redio Yako

Ikitoka, itazameni. Naanza na hilo kwa sababu karibu yote nitakayosema hapa chini ni malalamiko, na sitaki mtu asome nusu kisha aende barazani kusema yule mama wa Majengo ameiponda filamu ya vijana wetu. Sijaiponda. Yule anayecheza mtangazaji ana kipaji. Akinyamaza unamsikia anafikiri, na kwenye redio kunyamaza vizuri ni kazi ngumu kuliko kusema.

Filamu yenyewe bado haina jina la kudumu. Waliotengeneza ni vijana wa hapa hapa Mombasa, na walichotuonyesha, kwenye ukumbi mmoja karibu na Makadara, ni toleo ambalo halijakatwa la mwisho. Walitugawia karatasi tuandike maoni. Karatasi ilikuwa na mistari mitano. Mpwa wangu, ambaye kazi yake ilikuwa kubeba taa, ndiye aliyenialika, akanionya mapema: "Shangazi, usiwe mkali." Majina yao nayaacha mpaka watakapoitoa wenyewe, lakini mistari mitano, jamani, haiwezi kunitosha. Mimi nilikaa miaka upande wa pili wa kioo cha studio, naunga simu, nainua sauti, nakata sauti. Usiku ambao filamu hii inauhadithia, nilikuwa kazini.

Kisa ni chepesi kueleza. Ni usiku mmoja, na tarehe imeandikwa kubwa kwenye skrini: 30 Desemba 2007. Mtangazaji wa kipindi cha simu cha usiku anaingia studio saa tatu, matokeo ya urais yametangazwa, mji umeshikwa na hofu. Anapokea simu hadi alfajiri. Mpigaji mmoja asiyetaja jina anarudi tena na tena, na kila akirudi anakaribia kutaja nyumba fulani na watu fulani wanaokaa humo. Karibu filamu nzima iko ndani ya chumba kimoja, na huo ni ushujaa. Kuifanya studio ya redio ipendeze machoni kwa saa moja na nusu si mchezo.

Tuanze na vitu vya mezani, maana hivyo ndivyo ukumbi mzima ulivyoviona na kuvicheka. Kikombe cha kahawa chungu kinapungua, kinajaa, kinapungua tena, na hakuna muuza kahawa aliyeingia. Hamri limeumwa upande mmoja. Picha inageukia kwa fundi, ikirudi hamri liko zima. Hedifoni ziko masikioni, ziko shingoni, ziko masikioni, katika sentensi moja. Saa ya ukutani inasema saa tatu na dakika 40, wanazungumza dakika mbili, inasema saa nne na robo, kisha inarudi saa nne kasoro. Haya yote ni makosa ya mwendelezo, na kila filamu inayo, kwa sababu mazungumzo ya dakika tano hupigwa kwa siku nzima na hakuna anayekumbuka kahawa ilifika wapi. Yananiudhi kidogo sana. Hamri lilinichekesha.

Ila ile saa tatu na dakika 40 ina jambo jingine. Inapoonyesha hivyo, nyuma yake inasikika adhana. Adhana ya nini? Mwezi wa Desemba hapa jua linazama kama saa kumi na mbili na nusu, na Isha inaadhiniwa karibu saa mbili kasoro robo. Kufika saa tatu na dakika 40 watu wameswali, wamekula na wengine wamelala. Kilichotokea nakijua: wametaka sauti ya kumwambia mtazamaji kwamba hapa ni Mombasa, wakachukua adhana. Wangeweka honi ya meli kule Kilindini, hiyo haina saa maalumu.

Dirishani kuna mwezi mpevu, umejaa, mzuri mno. Mwaka ule mwezi ulijaa usiku wa kuamkia tarehe 24. Idi ya kuchinja ilikuwa imepita siku kama kumi tu, kwa hivyo tarehe 30 mwezi ulikuwa umeshakatika, nao ulichomoza karibu usiku wa manane. Saa tatu usiku mbingu ilikuwa giza. Mpwa wangu akaniuliza, "Sasa hayo, shangazi, nani atayaona?" Nikamwambia kila mvuvi kuanzia Mtwapa hadi Shimoni. Na hao wavuvi wataona pia minazi inavyoinamishwa na kusi, tena kusi kali ya Julai, wakati Desemba ni kaskazi na joto lake. Mlinzi wa getini amevaa sweta. Desemba! Mombasa!

Mambo ya mtaani nayapitia haraka. Kwenye duka la kona kuna ubao mwekundu wa Airtel. Jina hilo lilikuja Kenya mwaka 2010, na mwaka 2007 kampuni ile iliitwa Celtel. Mtangazaji anamlipa dereva wa tuktuk kwa noti ya toleo la 2019. Asubuhi kuna feri Likoni, na feri ile ni MV Jambo, iliyoanza kazi mwaka 2017. Majengo ya mjini yamepakwa nyeupe na buluu, rangi ambazo serikali ya kaunti iliziagiza mwaka 2018. Hili la mwisho nawaonea huruma, maana hata kama una pesa za filamu huwezi kuupaka mji upya. Lakini unaweza kugeuza kamera. Na niwape haki yao: simu ya mlinzi ni Nokia 1100, ile ya tochi, yenye mpira wa vitufe uliochakaa palepale panapobonyezwa zaidi. Aliyeitafuta simu ile alifanya kazi. Matatu nazo zina mstari wa manjano, na ndivyo zilivyokuwa tangu sheria za Michuki, waziri wa uchukuzi, za 2004.

Sasa redio yenyewe. Hapa sicheki tena.

Kosa la kwanza ni sauti za wapigaji. Kila anayepiga anasikika safi, mnene, na besi ya kifuani, hadi mate yake unayasikia. Simu haifanyi hivyo. Laini ya simu ya kawaida hupitisha sauti kati ya hezi 300 na 3,400 basi; ya chini ya hapo na ya juu ya hapo hubaki njiani. Ndiyo maana sauti ya simu ni nyembamba, ina pua, na ndiyo maana kwenye redio unajua mara moja nani yuko studio na nani yuko nyumbani kwake. Tofauti hiyo ni nusu ya utamu wa kipindi cha simu. Mtangazaji ni mkubwa, yuko karibu na sikio lako; mpigaji ni mdogo, yuko mbali, yuko peke yake. Filamu imewakalisha wote kwenye kiti kimoja, na yule mpigaji wa kutisha amepoteza robo tatu ya kutisha kwake. Angesikika kwa mbali, na kelele za mtandao zikimkatakata, ningeogopa.

La pili: hakuna hata mara moja mtangazaji anaposema "punguza redio yako." Hata mara moja! Mimi nimeyasikia maneno hayo kuliko jina langu. Mtu anapiga simu huku redio yake imewashwa pembeni, sauti yake inatoka kwenye redio, inaingia tena kwenye simu, inaanza kuzunguka na kulia. Kila mpigaji wa tatu ni hivyo. Pia spika za studio zimeachwa zikipiga huku maikrofoni iko wazi na taa nyekundu inawaka. Katika studio yoyote, ukifungua maikrofoni spika hunyamaza zenyewe, la sivyo unapata mlio wa kukutoa kwenye kiti. Hedifoni zile hazivaliwi kwa urembo.

La tatu ni sekunde saba. Fundi wa filamu anamtuliza bosi wake: "Usijali, tuna sekunde saba." Kifaa hicho kipo. Marekani vituo vya mazungumzo vimekitumia kwa miaka mingi: matangazo yanacheleweshwa sekunde kadhaa, na mtu akitukana unabonyeza kitufe tusi likamezwa kabla ya kufika hewani. Sisi hatukuwa nacho; tulikuwa na kidole changu. Lakini tuseme studio ya filamu ilikuwa nacho. Basi mbona mpigaji anapoanza kutaja ile nyumba, picha inaruka kwa dereva wa tuktuk na redio yake inasema maneno yale yale, wakati ule ule, mdomo kwa mdomo? Kama kuna sekunde saba, redio ya tuktuk iko nyuma sekunde saba. Na hapo palikuwa na filamu tamu mno mbele ya macho yao: fundi amesikia, kidole kiko juu ya kitufe, dereva bado anacheka kwa mzaha wa sekunde saba zilizopita. Wameweka kifaa mdomoni mwa mhusika kisha wakakisahau.

La nne, wapigaji hawasalimii. Wanapiga na kuingia kwenye hoja moja kwa moja. Nani huyo, wa pwani gani? Mpigaji wa Mombasa kwanza anauliza kama anasikika. Anatoa salamu za dini, anamjulia hali mtangazaji na mkewe, anasema yeye ni Mama Fulani wa Kisauni, anawasalimia jirani zake kwa majina, na kama kuna dakika imebaki ndipo anasema nchi inaungua. Salamu zile si kupoteza wakati. Mpigaji mbaya ndipo anapojulikana, kwa sababu yeye ndiye asiyesalimia. Wakiwanyamazisha wote salamu, yule mmoja hatofautiani na wengine. Na mtu wa kredi ya kuskrachi hazungumzi dakika tisa bila kukatika. Mwisho wa mwaka ule kadi zenyewe zilikuwa adimu, watu walikuwa wakiombana sambaza, yaani kutumiana kredi kwa simu.

Halafu kuna askari anayeingia studio usiku wa manane na kumwambia mtangazaji, "Tutakupeleka Hague." Ukumbi ulipiga makofi. Lakini Desemba 2007 hakuna askari wala raia aliyekuwa na neno hilo mdomoni. Mazungumzo ya Hague, yaani kuwapeleka washukiwa wa ghasia za baada ya uchaguzi ule kwenye mahakama ya kimataifa ya jinai, yalishika nchi mwaka 2009, majina sita yakatajwa Desemba 2010, na mmoja wao alikuwa mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, ambaye kesi yake ilisimamishwa na majaji Aprili 2016. Yule askari ameishi miaka mitatu mbele ya saa yake. Askari huyo huyo anasema Leonard Mambo Mbotela alilazimishwa kutangaza mapinduzi ya 1982 "pale KBC". Tarehe 1 Agosti 1982 kituo kilikuwa Sauti ya Kenya. KBC, shirika la utangazaji la taifa, lilikuja baadaye, mwishoni mwa miaka ya 80. Hili la pili namsamehe, watu wengi husema hivyo, na askari si mwanahistoria.

Mwongozaji alitetea kazi yake baada ya onyesho, kwa adabu, akasema hata filamu kubwa za redio zina makosa. Kweli. Good Morning, Vietnam ya 1987 inahadithia Saigon ya 1965, na ndani yake unaimba wimbo wa Louis Armstrong, What a Wonderful World, uliotoka mwaka 1967. Adrian Cronauer wa kweli, yule mtangazaji ambaye filamu inamhadithia, hakufukuzwa Vietnam kama kwenye filamu. Alimaliza muda wake akaondoka. Nani amelalamika? Wimbo ule juu ya zile picha za vita umefanya kazi ambayo wimbo wa mwaka sahihi haungeifanya.

Akataja pia Talk Radio ya Oliver Stone, ya 1988, na hapo nikaona ameteleza kwenye mfano wake mwenyewe. Filamu ile imetokana na tamthilia ya Eric Bogosian, ambaye ndiye pia anayemcheza mtangazaji, na ndani yake imeingizwa habari ya Alan Berg, mtangazaji wa kituo cha KOA mjini Denver aliyepigwa risasi nje ya nyumba yake tarehe 18 Juni 1984 na watu wa kundi la wabaguzi wa rangi. Stone hakuita mtu wake Alan Berg. Hakumweka Denver. Alimpa jina jingine, akamweka Dallas, akamuulia mahali pengine. Kwa hivyo huwezi kumshika na kalenda ukamuuliza mbona hapa si nyumbani kwake. Na katika yale aliyoyabuni alikuwa mwangalifu: tamthilia ilikuwa Cleveland, na filamu ilipohamia Dallas kituo kikapewa jina linaloanza na K, kwa sababu kwa kawaida vituo vya magharibi ya mto Mississippi huanza na K na vya mashariki na W. Herufi moja tu, na nani angeiona? Mtu wa redio angeiona.

Vijana wetu wamefanya kinyume. Wameandika tarehe kwenye skrini, kwa herufi kubwa, kabla ya neno la kwanza. Wamejifunga wenyewe. Na tarehe hiyo ni tarehe ambayo kisa chao hakingewezekana.

Tarehe 30 Desemba 2007 Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, alimtangaza Rais Kibaki mshindi, waandishi wakiwa wametolewa nje KICC, lile jumba la mikutano Nairobi, na KBC peke yake ikionyesha. (Hili wamelipatia: runinga ya pembeni mwa studio iko KBC. Pongezi.) Kibaki akaapishwa Ikulu jioni ile ile. Na siku ile ile serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja, nchi nzima, hadi Februari 2008. Yaani hakuna kipindi cha simu. Hakuna mpigaji hewani. Filamu nzima, kuanzia simu ya kwanza hadi ya mwisho, ni kitu kilichokatazwa usiku ule, na hakuna mhusika hata mmoja anayelitaja katazo. Si bosi, si fundi, si askari. Kama wangekuwa wanatangaza kwa kuasi amri, hicho kingekuwa kisa kikali. Lakini wanatangaza kana kwamba ni Jumanne ya kawaida.

Nitawaambia studio ya kweli ilikuwaje, angalau yetu. Tuliweka taarabu iliyorekodiwa, wimbo baada ya wimbo. Taa za laini za simu zilikuwa zinamweka, zote, na haturuhusiwi kuunga hata moja. Watu hawakujua kwamba hatuwezi. Walijua tu kwamba hatujibu. Mtangazaji wetu, mtu wa kelele ambaye hajawahi kunyamaza hata akila, alibaki mbele ya maikrofoni iliyozimwa, akaanza kuzipokea simu moja moja nje ya hewa, kwa mkono wa simu, kwa sauti ya chini. Mmoja alitaka kujua kama njia ya Changamwe inapitika. Mwingine mamake alikuwa ng'ambo, akauliza kama feri itavusha asubuhi. Mzee mmoja hakuuliza kitu. Alisema, "Mbona hamsemi?" akangoja, na mtangazaji wetu hakuwa na ruhusa ya kumjibu mbele ya watu, akamjibu peke yake, dakika ndefu, huku taarabu inaendelea. Mimi kazi yangu ilikuwa kuangalia wimbo usiishe.

Huyo muigizaji wenu, anayejua kunyamaza vizuri vile, mumempa maneno usiku mzima. Mpeni ule ukimya. Yule mpigaji wa kutisha aachwe apige, lakini apige kwa chumba chenye watu wawili, asisikike na mji; mtangazaji abaki na lile jina la nyumba kifuani bila pa kulisemea. Au kama hamtaki kuandika upya, na naelewa pesa hakuna, basi futeni ile tarehe. Bila tarehe, mwezi umejaa upendavyo, Airtel iwe Airtel, mji uwe wa buluu, na askari amtishie Hague amtakaye.

Sauti za wapigaji hazina udhuru. Waiteni waigizaji wale wale, mmoja akae nje garini na simu ya kawaida, apige kwa simu nyingine iliyounganishwa na mashine ya kurekodi, wasome maneno yao na salamu zao. Ni kazi ya mchana mmoja, na gharama yake ni kredi. Mpwa wangu anajua ninakokaa; mashine ya kuunganishia ninayo.